Mahari ya Maji

Nilitoka Kasulu juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza, kidato cha nne kikiwa kimekwisha na matokeo yakiwa hayana haraka ya kunitafuta. Lori lilikuwa la Bukoba. Lilisimama Kibondo kwa sababu ya gurudumu, likasimama Biharamulo kwa sababu dereva alikuwa na mke pale, na likasimama mahali pengine pengi bila sababu yoyote. Bukoba nikapata gari la samaki mpaka Mutukula, nikavuka mpaka kwa miguu, nikalala Masaka kwenye baraza la duka la mbegu, na kesho yake nikaingia Kampala pamoja na mvua. Sijui kama mimi niliifuata au yenyewe ilinifuata. Tulikaa pamoja zaidi ya miaka ishirini.

Naandika haya kwenu ninyi mliobaki kwenye kazi ya mitaro. Mgongo umenistaafisha kabla umri haujapata nafasi. Vyeo na mishahara sitavitaja, kwa kuwa havikuwa virefu vya kutosha kujaza aya. Nitasema tu niliyoyaona, na zaidi nitasema habari za bonde moja, kwa sababu nikifumba macho ndilo linalonijia.

Basi lilinishusha Katwe. Kabla tone la kwanza halijaanguka, niliona mafundi wa vyuma wakiinua vitu vyao: nyundo juu ya meza, mashine ya kuchomelea juu ya pipa, mtoto juu ya mashine. Hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Dakika chache baadaye maji yalikuwa yanapita katikati ya karakana kama mteja anayejua njia. Nikauliza kwa nini hawahami. Fundi mmoja akanijibu, "Tuhamie wapi? Huko kukavu kuna wenyewe." Nikapata kazi kwake ya kuunda matoroli, nikapanga chumba nyuma ya karakana. Baadaye nimepanga vyumba vingi, Katwe, Mulago, Banda, pembeni mwa kambi ya Mbuya. Sijawahi kukaa mahali pamoja miaka mitatu. Miguu yangu huanza kuwasha mara tu ninapozoea harufu ya jirani.

Pale Katwe ndipo aliponikuta Ssalongo. Hilo ni jina wanalopewa wanaume wa Kiganda waliozaa mapacha, na yeye sikuwahi kumwita kwa jingine. Alikuja kununua toroli, akaligeuza chini juu, akalikemea, akaniuliza kama naweza kushika kamba bila kuuliza maswali. Nikamwambia naweza kushika kamba. Hilo la maswali nikaliacha. Alikuwa fundi wa kupima mitaro katika ofisi ya mtaa, mtu mfupi mwenye koti la mvua lisilovuliwa hata jua likiwaka, na kwapani daima alibeba pima maji yake, ubao wa mninga wenye kichupa cha kioo katikati na tone la hewa ndani. Wenzetu wa leo mna mashine za miguu mitatu zinazopiga mlio. Sizidharau. Ila ubao ule ungeweza pia kuukalia wakati wa chai.

Siku yangu ya kwanza nilidhani tutaanza kwa kuchomeka vigingi na kuvuta kamba. Ssalongo akapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza.

"Nyabo, tunaomba kuona kitanda."

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi. "Kitanda yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Tunaangalia miguu tu. Wewe Tanzania, inama."

Nikainama. Chini ya kila mguu wa kitanda kulikuwa na matofali matatu.

"Tatu," nikasema.

"Ee. Basi hapa maji inafika mpaka goti. Mtu haweki tofali bure, anaweka kwa kipimo ya woga yake. Njoo nyumba ingine."

Tukazunguka hivyo asubuhi nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na mpaka leo sijaona iliyo bora: ukitaka kujua maji yanafika wapi, usiulize yalifika wapi. Watu huongeza wakitaka msaada na hupunguza wakitaka kuuza. Tazama chini ya kitanda.

Bonde lenyewe ninalolisema liko upande wa chini wa kilima cha Mbuya, na wenyeji waliliita Kitosi, yaani matope. Wakazi wengi walikuwa familia za wanajeshi na polisi waliotoka kaskazini, wamechanganyika na Waganda wachache waliokuwepo tangu bonde lilipokuwa mashamba ya viazi vitamu. Hapo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, Kiswahili cha kambini, kisicho na subira na ngeli. Juu kabisa, pembeni mwa barabara, alikaa sajini mstaafu Opiyo, mwenyekiti wa kijiji, ambaye kila mtu alimwita Afande. Chini kabisa, kabla tu ya mafunjo, alikaa Mama Adong, mjane wa polisi. Mumewe alimwachia watoto wanne, redio, na nyumba ile ya vyumba viwili. "Pensheni yangu ina mabati," alikuwa akisema. Hakuwa na kingine. Kila mvua ya Mbuya ilipitia kwa Afande na kulala kwa Mama Adong. Kitanda chake kilikuwa na matofali manne kila mguu. Watoto walikuwa wakikipanda kwa kigoda.

Ofisi ikapata mradi wa kujenga mtaro wa mawe katika bonde lile, na injinia akaletwa kutoka Nairobi. Mkutano wa wakazi ukafanyika chini ya hema, uani kwa Afande. Injinia alikuwa kijana mwenye adabu. Akauliza, "Sasa wenyeji, mnataka nini hasa? Niambieni kwa ufupi."

Hapa lazima nieleze jambo. Waganda wengi L na R kwao ni ndugu wanaoazimana nguo. Ssalongo alipokuwa na sisi aliongea tu, na tulimwelewa. Lakini mbele ya mgeni alitaka kuongea Kiswahili safi, na usafi wake ulikuwa wa kugeuza kila L iliyomtia shaka kuwa R. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa, watu hawa hawataki mambo mingi. Wanaomba mahari. Mahari ya maji."

Injinia akaacha kuandika. "Mahari? Kwani nani anaoa?"

Hema likapasuka kwa kicheko. Mama Adong alimwangukia jirani yake begani.

"Ssalongo!" akapaza sauti Afande. "Uko na bibi wawili tayari, sasa unataka kuoa mto?"

"Mahali, mzee," nikamnong'oneza. "Mahali pa maji kupita."

Ssalongo alinisikia. Niliona masikio yake yakitambua kosa. Lakini hakukaa chini. Alingoja kicheko kipungue, kama mtu anayengoja dagaa wakauke, kisha akasema:

"Cheka, cheka. Mimi nilisema mahari na nasema tena mahari. Nyinyi yote mmeoa bonde hii. Mmelala naye, mmezaa naye. Bonde iko na baba, baba yake ni maji. Nani hapa alimlipa mzee?"

Kicheko kikakatika.

"Kwetu Buganda, mkwe haingii chumba ya kulala. Hata kivuli yake inapita mbali. Sasa nyinyi, kila mvua mkwe anapanda kitandani pamoja na nyinyi! Hii ni aibu gani? Anaingia kwa sababu hamkumpa kitu chake."

"Sasa anataka nini huyo mkwe?" akauliza Mama Adong, akijifuta machozi ya kucheka. "Ng'ombe?"

"Ardhi. Mita mbili nyuma ya kila nyumba, kutoka kwa Afande mpaka kwako. Apite huko nyuma na heshima yake."

Hakuna aliyecheka tena. Katika bonde lile mita mbili zilikuwa choo, jiko, banda la kuku, chumba cha kupangisha. Watu wakatazama viatu vyao. Afande akakohoa na kusema jambo hili litafikiriwa. Ndipo Mama Adong aliposimama.

"Mimi ni mjane," akasema. "Mwanaume akiingia chumbani kwangu kila mvua, watu watasema nini? Migomba yangu iko hapo nyuma. Kata. Mpe mzee mahari yake."

Baada ya mjane kutoa, wenye waume waliona haya kubana. Afande mwenyewe akatoa wa pili, akipiga saluti, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Tulipovuta kamba kesho yake ilinyooka kutoka barabarani hadi mafunjoni, na mimi ndiye niliyeishika. Tulichimba, tukajenga kwa mawe, tukaweka kalavati chini ya njia ya waenda kwa miguu. Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja tulisimama na Ssalongo nyuma ya nyumba ya Mama Adong. Maji yalishuka meusi na ya haraka, yakapita, yakaenda zao.

"Shikamoo, mzee," Ssalongo akayaambia.

Wiki ile Mama Adong alitoa matofali chini ya kitanda, yote, akajengea jiko la kuni uani. Watoto wake wakaanza kuanguka kitandani usiku kwa kuwa hawakuzoea kulala chini vile.

Neno nalo likabaki. Mtu akitupa maganda ya ndizi mtaroni aliambiwa, "Unachafua mahari ya watu." Akitaka kuongeza ukuta wa choo aliulizwa kama ameomba ruhusa kwa mkwe. Hakuna aliyekwenda kupimisha ukanda ule na kuuingiza kwenye hati za viwanja. Injinia alirudi kwao, mradi ukafungwa, na sisi wengine tuliona kama jambo limekwisha. Mahari hutolewa mbele ya mashahidi, na mashahidi tulikuwa hema zima.

Miaka iliyofuata ndiyo ninyi vijana mliyoikuta, kwa hiyo nitaipita upesi. Nyumba moja ikazaa vyumba sita vya kupangisha. Kila chumba kikataka maji, na kila bomba jembamba likapitishwa mtaroni kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa wazi. Bomba moja si kitu. Mabomba ishirini ni wavu, na wavu ule ulivua mifuko ya plastiki, ndala na nguo za watoto. Nguzo ya umeme ikasimikwa ukingoni, ikaanza kuinamia mtaro kama mlevi anayetafuta funguo. Bomba la barabarani likawa linatoa maji alfajiri tu, yakikoroma. Mashimo ya vyoo yalijaa kabla ya wakati, na gari la kunyonya halikuweza kupita vichochoroni. Kwa hiyo mvua ikianza kunguruma ungesikia mifuniko ya zege ikivutwa kote bondeni, kila mmoja akiachilia shimo lake liende na mvua. Mkitaka kukagua mtaro, nendeni mvua inaponyesha. Ikishakatika, kila mtu ana shimo safi na uso safi.

Hata hivyo mahari ilisimama. Tuliuzibua mtaro, tukakata mabomba, tukatukanwa, tukarudi. Ssalongo alistaafu, akaniachia pima maji yake bila hotuba. "Usikalie sana," ndilo neno pekee alilosema.

Kisha Afande akazeeka. Alitaka kurudi Kitgum. "Nimelinda nchi, nimelinda mtaro," aliniambia, "sasa nakwenda kulinda mbuzi." Akauza kiwanja chake, na majirani zake wawili pale juu wakauza vyao. Mpimaji wa mnunuzi alipima kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, na kati ya mawe hayo mtaro ulikuwa ardhi kama ardhi nyingine. Nilimpigia Afande simu.

"Mimi sikuuza mahari," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegundua kitu akiwa tayari mbali. "Niliuza kiwanja tu. Mahari haikuwa yangu. Nilishatoa."

"Kwenye karatasi ni yako, Afande."

Nyuma yake nilisikia mbuzi.

Kampuni iliyonunua ilitaka kujenga ghorofa, zimebanana kama viberiti. Kwa kuwa sheria inataka wakazi wasikilizwe, walisikilizwa, katika darasa la shule ya msingi, mchoro ukiwa umebandikwa ubaoni. Aliyetumwa na kampuni alikuwa dada mpole, mwenye Kiswahili cha shule. Watu waliuliza mambo ya maana. Maji ya mapaa yale yote yataelekea wapi? Bomba linalokoroma sasa litawatosha na wageni? Umeme unaozimika kila pasi ikichomekwa utabeba ghorofa? Vyoo vyao vitamwagwa wapi? Kila swali dada alilijibu kwa upole: "Hoja yenu imepokelewa." Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote ya kazi. Ni kumpokea mgeni mzigo wake mlangoni, kisha kumfungia yeye nje.

Mama Adong alikuwa mwisho. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alikwenda mpaka ubaoni, akafuata mchoro kwa kidole.

"Mahari yetu iko wapi hapa?"

"Mahali gani, mama?"

"Sisemi mahali. Nasema mahari."

Dada akatutazama, akitafuta mtu wa kumsaidia. Safari hii hakuna aliyecheka. Nusu ya waliokuwemo darasani walikuwa wapangaji wapya, hawakujua neno lile lina habari gani. Nusu nyingine walijua.

Nikasimama, nikaeleza: ukanda ulitolewa na wenyewe, mtaro umejengwa na ofisi, na ukizibwa juu, maji yataingia nyumba za chini. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtaro huo haumo kwenye hati yoyote, na kwamba ofisi, yaani yetu, imeshaupitisha mchoro. Aliniambia hivyo kwa huruma, kama daktari. Mama Adong alikuwa bado ameweka kidole ubaoni, juu ya ghorofa ya katikati.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo anapopita mzee."

Ukuta ulijengwa kabla ya msimu. Nilikwenda Mulago kumweleza Ssalongo, aliyekuwa amelazwa kwa mapafu. Wake zake wote wawili walikuwepo, mmoja kila upande wa kitanda, wakigombania mto. Akawaomba watupishe.

"Mahari?" akauliza.

"Wameziba. Wameweka bomba dogo la kupita chini ya ukuta. Mkono wangu hauingii."

"Nani aliikula?"

"Hakuna aliyeikula, mzee. Ilijengewa juu."

"Ni kitu moja tu." Alivuta pumzi kwa muda mrefu. "Mahari ikirudi, ndoa imekufa. Sasa mkwe atakuja kuchukua mtoto wake." Halafu akatazama miguu ya kitanda cha hospitali, yenye magurudumu, na nikaona anataka kucheka lakini kifua hakikumruhusu. Tulimzika kwao Kyotera. Koti la mvua walimvalisha mwanawe mkubwa, likampwaya.

Mvua za msimu ule zilifanya alichosema. Maji yaligonga ukuta, yakazunguka, yakatafuta njia kati ya nyumba, na yalipokosa ya nyuma yakachukua ya mlangoni. Kwa Mama Adong yaliingia mara ya kwanza, yakaingia tena, yakaacha mstari ukutani juu ya swichi ya taa. Alitafuta mnunuzi. Waliokuja walitazama mstari ule, wakanywa chai yake, wakaondoka. Wanawe walimwita aende kwao, mmoja Gulu, mmoja Entebbe. Alisema ataondoka siku pensheni yake itakapooza yote. Mimi niliandika taarifa, nikapeleka watu, nikazibua bomba lile dogo kwa mikono mpaka mgongo ukafunga na hautaki kufunguka. Ofisi ikaniita, ikasema nipumzike. Walinipa saa ya ukutani.

Siku niliyoondoka mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mbuya. Basi la Mutukula lilikuwa la mchana. Nilikuwa na begi moja na pima maji, na nilishuka Kitosi kuaga. Nilimkuta Mama Adong ameinama uani, anabomoa jiko lake la kuni. Alikuwa anachomoa matofali moja moja, anayagonga kuondoa masizi, anayapanga.

"Umekuja vizuri, Tanzania," akasema bila kugeuka. "Shika upande ule."

Kitanda kilikuwa kilekile cha mumewe, cha mbao nzito. Yeye aliinua, mimi nikasukuma matofali, na mgongo wangu ukanikumbusha kwamba nimestaafu. Matofali manne kila mguu, meusi upande mmoja. Nilifungua begi, nikatoa ubao wa Ssalongo, nikauweka juu ya mbao ya kitanda, upande wa kichwa, kisha upande wa miguu. Tone likacheza, likatulia katikati.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

Alikwenda mlangoni, akatazama juu, kule ukuta wa ghorofa ulikokata bonde, na mawingu nyuma yake. Nje nilisikia mfuniko wa kwanza wa zege ukivutwa. Nikainua begi, nikatazama saa ya zawadi ndani yake, nikaona basi litaniacha.

Mama Adong alirudi na matofali mengine mikononi.

"Ongeza moja," akasema.

Nikaweka begi chini, nikainama.